Yatokanayo

Mwezeshaji alifika Hombolo saa nne na nusu,
viatu vyake bado vina weusi wa mjini,
akabandika ukutani karatasi pana kama kanga,
akachora pembetatu.

Chini, akasema, kuna njaa na kiu na usingizi.
Juu kileleni, mtu kuwa yule anayeweza kuwa.
Katikati akaanza kuandika heshima kwa maka nyekundu,
maka ikakauka njiani.
Mimi, Sechelela Chigwile, katibu wa ushirika,
nikanakili kama nilivyoona: hesh.
Kisha nikaona haya, nikamalizia.

Hoja ilikuwa moja: kwa nini wanachama hawaji.
Mia mbili na kumi kwenye rejista;
kikao cha Machi walikuja kumi na tisa,
saba kati yao kamati, wenye posho.

Ana nadharia kama fundi mwenye spana.
Ya kwanza: mwanachama ni mvivu wa kuzaliwa, asukumwe.
Ya pili: si mvivu, mpe jukumu uone.
Ya tatu: ushirika ni mashine, tafuteni nati iliyolegea.
Ya nne: si mashine, ni mwili,
jino moja likiuma mwili mzima haulali.
Hapo Lechipya akaguna, akashika shavu.
Ya tano ya mwanafalsafa fulani wa mbali:
hata anayenyamaza amechagua.
Hiyo nikaipigia mstari.
Sijui kwa nini.

Najua kwa nini.
Nyuma ya ukuta ule wa pembetatu, chumba cha pili,
inaning'inia mizani,
na tangu mavuno ya mwaka juzi
inakula kilo mbili kila kreti.
Mnunuzi anajua. Mwenyekiti anajua.
Mimi ndiye ninayeandika: Mbeleje, kreti moja, kumi na nane.
Na Mbeleje, aliyezibeba zabibu zake kichwani
na shingo yake inajua ni ishirini,
anaitazama mikono yake
kana kwamba ndiyo iliyodokoa njiani.
Hakuuliza. Aliacha tu kuja.

Hiyo ni nadharia ya ngapi?

Chai ikaletwa. Upepo wa Agosti ukaingia na vumbi lake,
ukabandua karatasi upande mmoja,
kilele kikainama mpaka sakafuni.
Mtoto wa mpishi akauliza, "Hema la nani?"
Tukacheka, mwezeshaji naye akacheka,
nikampenda kidogo.
Si mwongo yule. Watu wake wote nawafahamu:
wa jukumu ni mume wangu, siku alipopewa funguo za ghala
akaanza kuvaa saa;
wa kusukumwa ni mimi, Jumatatu.
Ila alituuliza mioyo yetu ikoje,
na chuma hakukiuliza.

"Kuna mengineyo?" mwenyekiti akasema,
kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

Mniwie radhi, ninyi mnaohesabu silabi,
shairi langu halina mizani.
Ninayo moja tu, na mmeshaisikia.

Nikaweka kalamu chini.
Nikaenda jikoni, nikaomba mfuko wa unga,
kilo ishirini na tano, uzi wa kiwandani haujafumuliwa.
Lechipya akanisaidia kuubeba, jino na yote.
Tukautundika.
Watu kumi na wawili, na mwezeshaji, na mtoto wa mpishi,
wakasimama mlangoni wakiangalia mshale
ukitikisika, ukitikisika,
ukasimama ishirini na tatu.

Mwenyekiti alisema kitu kuhusu unyevu wa unga.
Mwezeshaji alitafuta maka mifukoni, akaacha.
Mimi nilirudi kwenye daftari, chini ya Yatokanayo
nikaandika tarakimu mbili, na jina langu lote.

Mbeleje hakuwepo.
Ndiyo maana natembea sasa hivi, saa nane, jua hili,
daftari kwapani,
kwenda kuiambia mikono yake.